Vidole Vilivyofutika

Kitu cha kwanza Kimya alichokiona ni kwamba binti wa mashine ya alama za vidole alifuta kioo, akakifuta tena, ndipo akatazama kidole. Ni kama mtu aliyeshindwa kusoma akaanza kwa kufuta miwani. Haimjii akilini kwamba huenda ukurasa wenyewe hauna maandishi.

"Bonyeza tena, dada. Haing'ati."

Akabonyeza. Kwenye skrini, mahali ambapo mistari ya kidole ilipaswa kutokea, lilitokea doa jeupe, laini kama ganda la yai. Kidole cha pili, doa. Cha tatu, doa. Dole gumba likatoa vijistari vichache pembeni, kama nywele za mzee aliyeota upara.

"Anafanya kazi gani huyu?" binti wa mashine akauliza.

"Fundi wa vigae," akajibu dada yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti. "Sakafu, mabafu, jikoni. Ana mkono huyu, usimwone hivi."

"Mkono anao. Alama za vidole ndizo hana."

Mtaani walimwita Kimya, naye aliitikia. Shule aliiachia darasa la tano, mama yao alipougua, na kusema kweli hakuililia sana. Siku moja mwalimu alimsimamisha asome mbele ya darasa, sauti ikagoma kutoka, wenzake wakacheka mpaka kengele ikalia. Dada yake, aliyekuwa darasa la juu, alivuka uwanja akaja kumshika mkono, akawajibu wote. Tangu siku ile dada hakuacha kumjibia. Dukani, hospitalini, kwa wachumba waliokuja wakaondoka, ilikuwa ni dada tu: "Anasema hivi, anasema vile." Mara nyingi hakuwa amesema chochote.

Kazi alifundishwa na mjomba, kaka wa marehemu mama yao. Mafundi wengine hupanga vigae, wakajaza saruji nyeupe kwenye mianya, wakapitisha sponji, wakaosha mikono na kwenda zao. Mjomba alimfundisha kumalizia kila mwanya kwa ncha ya kidole kitupu. "Jicho lina upendeleo," alimwambia. "Likichoka linakuambia hapo pazuri, twende nyumbani. Kidole hakina pa kwenda." Basi kidole chake kilitembea juu ya mianya ya mabafu ya watu tangu akiwa msichana mdogo, na saruji, ambayo haina haraka, ikamlamba ngozi kidogo kidogo. Hakuona hasara. Nani hutazama ncha za vidole vyake?

Na kidole hichohicho ndicho kilichomletea bahati. Kampuni moja ya ujenzi ya ng'ambo ilimtuma msimamizi wake kuja kutafuta mafundi. Kila aliyejitokeza alipewa kona ya ukuta na vigae vyake. Msimamizi akapita amefumba macho, akipapasa. Alipofika kwenye kona ya Kimya alipita, akasimama, akarudi kupapasa tena. Kampuni ikaandika kwamba inamtaka. Cheti cha shule hawakuuliza, kwa kuwa mafundi wana mtihani wao wa vitendo, na huo Kimya alikwisha kuufaulu bila kufungua mdomo. Lugha ya huko angefundishwa akifika. Ilibaki viza ya fundi tu, nayo ilitaka vidole kumi.

"Kapumzishe mikono," binti wa mashine alisema. "Ngozi hurudi. Usiguse saruji, usiguse sabuni kali. Kampuni inawashikilia nafasi mpaka mwisho wa mwezi ujao, bado mna muda."

Ndipo Kimya alipoanza kulelewa kama yai.

Nyumbani kwa dada, alikoishi tangu mama yao afariki, hakuruhusiwa kuosha sufuria, kufua, kumenya, kufagia, wala kufungua kopo. Asubuhi dada alimpaka mafuta ya mgando kwenye vidole, akamvisha soksi mikononi, akazifunga kwa raba kwenye vifundo. Alikaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa avishike kidogo.

Shemeji yake, mlinzi wa getini kwenye ghala la mbolea, alifurahi kupita kiasi. Kila akitoka kazini alianza hadithi kwa neno "tukifika."

"Tukifika huko, mke wangu, mimi sitaki tena kuvaa filimbi shingoni."

"Tukifika sisi kina nani?" dada akamuuliza. "Viza ya mtu mmoja."

"Fundi akitangulia, familia hufuata. Shemeji, subiri, nikufungulie mlango. Mikono hiyo siku hizi ni mali ya umma."

Kimya alicheka kidogo, kwa pua. Lakini mlango alifunguliwa kweli, na akifunguliwa mlango alisindikizwa, na akisindikizwa aliulizwa anakwenda wapi. Jirani aliyekuwa akichota maji bombani alimwona na soksi zake akauliza bibi harusi anatolewa lini. Dada akamjibu kwamba bibi harusi huyu haolewi na mtu, anaolewa na mashine. Siku iliyofuata Kimya hakutoka.

Karibu na mlango wa sebule palikuwa na kigae kilicholegea. Aliyekipanga zamani hakueneza saruji mpaka pembeni, hivyo kila aliyepita alikikanyaga kikatoa sauti ya debe tupu. Ko. Dada akienda jikoni, ko. Shemeji akirudi, ko. Kimya alikaa akisikiliza. Alijua kingetengenezwa kabla chai haijachemka: unakibandua, unakwangua, unaeneza kwa mwiko, unagonga kwa nyundo ya mpira. Siku moja alivua soksi moja, akapiga goti, akapitisha ukucha pembeni mwa kigae kuona kama kinabanduka.

"Weka mkono wako mahali pake," dada akasema kutoka jikoni, wala hakuwa amegeuka.

Akaurudisha.

Dada naye alichoka. Vyombo vyote vilimwangukia yeye, na nguo zote, na maji yote ya bombani. Jioni alikaa mbele ya Kimya akikanda kiuno chake. "Nafanya hivi kwa ajili yako," alisema. "Ukienda nitafungua kile kibanda cha cherehani. Shemeji yako ataacha filimbi. Mjomba atapata mashine ya kukatia vigae, ile ya maji, si ile inayomjaza vumbi kifuani. Wewe ndiye daraja letu, mdogo wangu. Unanisikia?"

Kimya akaitikia kwa kichwa kwamba anasikia. Daraja ni kitu kizuri, aliwaza, lakini lenyewe haliendi popote.

Mwisho wa mapumziko yale walirudi ofisini. Safari hii mashine ilisoma vidole vyote. Viwili vilikuwa hafifu, lakini vilipita, na binti wa mashine akatabasamu. Dada akashusha pumzi iliyosikika mpaka kwenye foleni. Walielekezwa kwenye meza ya ndani, kwa afisa mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alifungua faili, akafunua karatasi taratibu.

"Bado yuko kwenye kazi yake ya ufundi?" akauliza.

Dada akajaa fahari. "Thubutu. Hajagusa saruji tangu siku ile tuliyokuja. Nimemzuia mwenyewe. Hata kijiko haoshi."

Mkono wa afisa ukasimama juu ya karatasi. "Hafanyi kazi?"

"Anapumzika. Ndivyo mlivyotuagiza."

"Mama, viza hii ni ya fundi aliye kazini. Awe kazini mpaka siku ya uamuzi. Kama ameacha kazi, mimi hapa ninaye msichana wa nyumbani."

"Lakini si ninyi mliosema apumzike?"

"Aliyesema ni wa mashine. Mashine inataka vidole. Mimi nataka fundi."

Kimya aliliona kosa lile likitoka mdomoni mwa dada yake, kama mtu anavyoona kikombe kikiteleza ukingoni mwa meza. Maneno ya kulizuia alikuwa nayo. Yalikuwa machache tu: kwamba bado yuko kwa mjomba, kwamba amepewa ruhusa kwa ajili ya vidole tu, kwamba bafu lake limeachwa nusu linamngoja. Yalifika kooni yakaketi.

Afisa akafunga faili. Alitaka video ya kazi ya sasa, uso na mikono vionekane, na maneno ya mwajiri. Vidole vingechukuliwa upya siku watakayoleta, kwa kuwa mfumo hautunzi alama za faili lisilokamilika.

"Na kampuni," akasema, "haisogezi tarehe. Mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi."

Nje, dada alitembea mbele hatua ndefu, kisha akasimama akageuka. "Si ungenikanyaga mguu? Ungenifinya. Ungefanya chochote." Kimya akatazama chini. Dada akalainika palepale, kama kawaida yake, akamtengeneza kola. "Basi. Kosa ni langu. Mkamia maji hayanywi."

Ndivyo mtego ulivyojifunga. Akifanya kazi, vidole vinafutika, na bila vidole hakuna viza. Asipofanya kazi, si fundi, na asiye fundi hana viza. Usiku alilala kifudifudi, mikono chini ya mto, akihisi yale mafuta ya mgando yakipoa.

Shauri la glavu lilikuwa la shemeji. Alileta jozi nene za mpira kutoka ghalani, zimeandikwa alama ya sumu.

Mjomba alipoziona alikaa juu ya ndoo akacheka mpaka akakohoa. "Glavu? Mwanangu, unakwenda kupanga vigae au kumzalisha ng'ombe?"

"Ni za muda, mjomba," akasema dada. "Mpaka vidole vichukuliwe."

"Haya. Na akioga avae koti la mvua."

Bafu lilikuwa la ghorofa ya pili, kwenye nyumba iliyokuwa bado haina madirisha. Kimya aliingia kama mtu aliyerudi kutoka hospitali. Ndoo zake, pima maji yake, uzi ulionyooshwa kutoka ukuta mpaka ukuta, vyote vilikuwa palepale alipoviacha, kwani mjomba hakumruhusu mtu mwingine kuligusa. Akachanganya saruji, akaeneza, akaweka kigae cha kwanza, akagonga. Sauti ilikuwa nzuri, nzito, isiyo na shimo. Mpaka hapo glavu haikumzuia. Lakini alipofika kwenye mianya, alipitisha kidole na hakusikia kitu. Ilikuwa kama kumsikiliza mtu akizungumza chumba cha pili: unajua anasema, hujui anasema nini. Akapitisha tena. Akainama akatazama kwa jicho, na jicho, lenye upendeleo, likamwambia hapo pazuri.

Hakuliamini. Aliukunja mkono, akakata glavu kidogo juu ya kifundo cha kidole, akaanza kupapasa mianya kwa kile kifundo. Kifundo hakina akili ya ncha ya kidole, lakini si kiziwi. Kazi ilikwenda polepole, tena kwa mgongo uliopinda vibaya. Shemeji, aliyeomba ruhusa kazini, alizunguka na simu yake akipiga video kama mtu anayetengeneza sinema.

"Geuka huku, shemeji. Tabasamu kidogo. Si sana, watadhani unafanya mchezo."

"Muache afanye kazi," mjomba akasema. "Huyo ni fundi, si bibi wa kalenda."

Mchana video ilitosha, na mjomba naye alisema maneno yake mbele ya simu, amesimama wima kama anaapishwa. Shemeji akashuka chini kutafuta mtandao, dada akamfuata. Ilibaki kona moja tu nyuma ya bomba la choo, mahali ambapo mkono huingia kwa kujinyonga. Kimya alijaribu na glavu ikakwama. Alijaribu kwa kifundo, kikagonga bomba. Saruji nyeupe ilikuwa inaanza kukauka kwenye mwanya ule, na hakujua imejaa au ina shimo.

Alikaa juu ya visigino vyake. Angeweza kuiacha. Hakuna atakayeiona kona ile isipokuwa fundi bomba, na fundi bomba halalamikii vigae. Akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa anaosha mwiko, lakini mkono ulikuwa umesimama ndani ya maji.

Kimya akavua glavu ya kulia. Akaingiza kidole kimoja cha shahada, peke yake, nyuma ya bomba. Shimo lilikuwepo, dogo, upana wa punje ya mchele. Akalijaza, akalisawazisha, akarudia juu mpaka chini, na saruji ikamwuma pale ngozi ilipokuwa bado changa. Alipoutoa mkono, mjomba alikuwa amempa mgongo.

"Mimi sijaona kitu," mjomba alisema. "Osha upesi, paka yale mafuta yenu."

Aliosha. Alipaka. Usiku ngozi ya kidole ilibambuka.

Siku ya mwisho waliyopewa, mashine ilisoma vidole tisa. Cha shahada cha kulia kilitoa doa. Binti wa mashine hakufuta kioo safari hii. Alimtazama Kimya kwa huruma, akaandika kitu, akawapeleka kwenye meza ya ndani.

Afisa alitazama video yote. Akatazama namba tisa iliyoandikwa kwenye karatasi. "Kidole hiki kimepatwa na nini?"

"Alimwagikiwa na mafuta ya moto," dada akasema mara moja. "Ajali tu ya jikoni, juzi, mimi mwenyewe nilikuwa—"

"Mama." Afisa aliinua kiganja. "Kila mkija hapa nakusikia wewe. Huyu hana mdomo?"

"Anao, bwana. Ana haya tu."

"Na haya nayo itapewa kiti kwenye ndege?" Akavuta kipaza sauti kidogo kilichokuwa pembeni ya kompyuta, akakiweka mbele ya Kimya. "Vidole tisa vinaweza kupita. Lakini kisichosoma kinaelezwa na mwenye kidole, kwa mdomo wake, nami narekodi. Si dada, si mama, si wakala. Wewe kaa pale ukutani, tafadhali. Ukisema neno moja nafunga faili."

Dada alikaa. Mkoba wake ulilia mapajani kwa jinsi alivyoukumbatia.

Kimya alikitazama kipaza sauti. Kilikuwa na sponji nyeusi kichwani. Yale maneno yaliyoketi kooni tangu safari iliyopita yalikuwa bado pale, pamoja na mengine ya miaka mingi, yamebanana, na kila moja likimngoja mwenzake atangulie. Alisikia feni ikizunguka. Alimsikia dada yake akivuta pumzi ya kumjibia, kisha akaizuia, na kuizuia kule kukamwuma Kimya kuliko kicheko cha darasa zima.

"Si mafuta," akasema.

Sauti ilitoka ya chini, ina mikwaruzo, lakini ilitoka.

"Endelea."

"Ni saruji. Kuna kona nyuma ya bomba. Glavu haikuingia. Nikaivua."

"Ulijua kwamba kidole kitafutika?"

"Nilijua."

"Na kona hiyo nani angeiona?"

"Hakuna. Maji tu."

Afisa akaandika kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi. Hakusifu wala hakukemea. Alipomaliza alivaa miwani, akasoma kutoka kwenye skrini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusoma maneno hayo kwa watu wengi mno.

"Uamuzi si wangu, unatoka juu, mtaarifiwa. Swali la mwisho ni la kila mwombaji. Unakwenda kwa hiari yako, au kuna mtu anayekupeleka?"

Neno moja lingetosha, na alikuwa nalo. Lakini Kimya aligeuka kwenye kiti chake mpaka akamwona dada yake pale ukutani, midomo imebanwa, macho yamejaa, na akaona kwamba katika siku zote za soksi na mafuta, wote walikuwa wamemwambia kwa nini anakwenda, ila hakuna aliyemuuliza.

"Kwa hiari yangu," alisema. "Dada, nitatuma nikipata. Cherehani, na mashine ya mjomba, yote nitakumbuka. Lakini siendi kwa sababu hiyo. Nataka kwenda mahali ambapo hakuna mtu anayejua kwamba mimi siongei."